Sanduku la Kumbukumbu Likizimika: Diski Mpya Pekee Hazitoshi

Zamani kumbukumbu za nyumba zilikaa katika kasha la bati chini ya kitanda: vyeti vya kuzaliwa, hati ya ndoa, barua zilizofungwa kwa uzi, na picha chache za rangi nyeusi na nyeupe. Siku hizi kasha hilo limebadilika umbo. Katika nyumba kadhaa za Kigali, kuanzia Kimironko na Remera hata Nyamirambo, pembeni mwa sebule, karibu na ruta ya intaneti, huonekana kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa tofali mbili, chenye taa ndogo za kijani zinazowaka usiku na mchana. Ndani yake mna picha za harusi, sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo, vyeti vya watoto, na video ambazo baba aliye katika ulinzi wa amani ugenini amewapelekea wanawe.

Kisanduku hicho huweza kufanya kazi miaka mingi bila kulalamika. Kisha siku moja taa ya kijani hugeuka kuwa nyekundu. Mwenye nyumba hununua diski mpya, akazitia mahali pa zile za zamani, akawasha umeme na kungoja. Hapana kitu. Sanduku limepata viungo vipya, lakini halikumbuki jina la mtu hata mmoja.

Msiba wa namna hii aghalabu hautokei siku ile diski ilipokufa, bali siku ile mwenyewe alipofanya haraka kuitengeneza. Ndiyo maana yafaa kila nyumba yenye sanduku kama hilo ielewe jambo moja mapema: diski mpya hairudishi kilichopotea. Kinachorudisha ni utaratibu, subira, na nakala iliyowekwa mahali pengine.

THAMANI YA PICHA MOJA

Pengine mtu atasema kwamba picha ni picha tu, na zilizopotea zitapigwa nyingine. Mjini Kigali maneno hayo hayasemwi kwa wepesi. Katika Nyumba ya Kumbukumbu iliyopo Gisozi, ambayo ilifunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ndani ya nyumba hiyo kimo chumba ambamo zimetundikwa picha za waliouawa, zilizoletwa na jamaa zao. Ni picha za kawaida za maisha ya kawaida: za harusi, za sikukuu, za shule. Nyumba zilipoporwa na kuchomwa moto, makasha ya picha yaliteketea pamoja nazo. Kwa baadhi ya familia, picha moja iliyosalia ndiyo ushahidi pekee wa sura ya mtu wao.

Kwa nyumba za askari na polisi jambo hili lina uzito wake wa pekee. Askari wa Rwanda wamekwenda Darfur, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu Julai 2021 Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mtoto hujifunza kutembea baba akiwa Juba. Mama huvaa sare akaenda Bangui huku mwanawe akianza darasa la kwanza. Yale yaliyopigwa picha siku hizo hayawezi kutendwa tena ili yapigwe upya.

SANDUKU HILI NI NINI

Sanduku hili, ambalo mafundi huliita kwa herufi tatu tu, NAS, ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Kazi yake ni moja: kutunza mafaili na kuyatoa kwa simu na kompyuta zote za nyumbani kupitia ruta. Ndani yake mna nafasi za kutia diski, mara nyingi mbili au nne.

Diski yenyewe ina historia ndefu. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyouzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 61 hivi, na uzito wake ulifika takriban tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote ilitunza herufi milioni 5 tu, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja nzuri ya simu. Diski ya siku hizi hushikika kwa mkono mmoja, na huchukua mamilioni ya picha.

Kuziunganisha diski kadhaa ili zifanye kazi kama moja ni fikra iliyoelezwa mwaka 1988 na wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Mpango wao unajulikana kwa jina la RAID. Waliona kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu, zikipangwa vema, zaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali.

Siri ya mpango huo yaweza kuelezwa kwa hesabu ya mtoto wa shule. Na ichukuliwe kwamba diski ya kwanza imeandikwa 4, ya pili imeandikwa 7, na ya tatu imeandikwa jumla yao, yaani 11. Ikifa diski ya pili, sanduku halipotezi kitu, kwa sababu 11 ukitoa 4 hubaki 7. Diski mpya ikitiwa mahali pa ile iliyokufa, sanduku hukokotoa upya na kuiandikia ile 7. Hesabu yenyewe ndani ya mashine si kujumlisha hasa, lakini maana yake ni hiyo. Zikifa diski mbili kwa pamoja, ile 11 peke yake haiwezi kusema kama ilitoka katika 4 na 7 au katika 5 na 6. Hapo kumbukumbu zimekwenda.

Mipango hiyo ni ya aina mbalimbali, na mwenye sanduku hana budi kuijua ya kwake. RAID 1 huandika jambo lile lile katika diski mbili, kama kioo na sura. RAID 5 hutaka diski tatu au zaidi, na huvumilia kifo cha diski moja. RAID 6 hutaka nne au zaidi, na huvumilia vifo viwili. RAID 0 hugawanya mafaili katika diski zote kwa ajili ya kasi tu. Ikifa moja, zote zimekufa. Mpango huo wa mwisho haufai kabisa kwa kutunzia mali ya familia.

KWA NINI DISKI HUFA

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vidogo vinavyosoma vikielea juu yake kwa umbali ulio mdogo mno kuliko unene wa unywele. Chombo cha namna hiyo huchakaa. Hata bila kuguswa na mtu, ipo siku kitachoka.

Yapo pia mambo yanayoharakisha kifo chake, na mengi yanajulikana vema Kigali. La kwanza ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Sanduku likikatiwa umeme katikati ya kuandika, orodha ya mafaili huweza kuvurugika hata kama diski ni nzima. La pili ni radi. Rwanda ni nchi ya milima na mvua, na katika majira ya Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba, radi si mgeni. Mwezi Machi 2018 radi moja iliwaua waumini zaidi ya 10 waliokuwa kanisani wilayani Nyaruguru. Nguvu inayoua watu haitashindwa na kisanduku. Nayo haipiti katika waya wa umeme pekee. Huweza kuingia hata kwa kebo ya intaneti. Mvua ya radi ikianza, ni busara kuzima sanduku kwa utaratibu wake, kisha kuchomoa vyote viwili. La tatu ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huziba matundu ya feni na kulifanya sanduku lipate joto.

Dawa ya ubaya wa umeme ni betri ya akiba iitwayo UPS. Betri hiyo haikusudiwi kuliendesha sanduku usiku kucha. Kazi yake ni kulipa dakika chache za kujizima kwa amani. Nyingi huunganishwa na sanduku kwa kebo ndogo ili ziliambie kwamba umeme umekatika, na sanduku hujizima lenyewe hata kama hakuna mtu nyumbani.

Diski huonya pia kabla ya kufa. Mafaili huanza kufunguka polepole, sanduku hutuma ujumbe wa onyo, au husikika sauti ya kugonga, tak, tak, tak, kama saa iliyoharibika. Mwenye kusikia sauti hiyo asingoje kesho. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

KOSA LINALOTENDWA MARA NYINGI

Watu wengi hudhani kwamba akili ya sanduku imo ndani ya sanduku, na kwamba diski ni rafu za kuwekea vitu tu. Katika masanduku mengi ya nyumbani sivyo. Programu inayoliendesha sanduku, pamoja na majina ya watumiaji na mpango wa diski, huandikwa katika diski hizo hizo. Mtu akizitoa zote kwa mara moja na kutia mpya, ameling'oa sanduku ubongo. Litawasha taa, feni itazunguka, lakini halitaonekana katika mtandao wa nyumbani. Au litaonekana likiomba kuanzishwa upya kama lililotoka dukani.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mwenye nyumba, kwa wasiwasi, huzirudisha diski za zamani bila kuangalia ipi ilikaa wapi. Kisha kioo cha kompyuta humwuliza kama anataka kuziandaa diski, naye hujibu ndiyo. Neno kuandaa lasikika kama neno la heri, kumbe kwa mashine maana yake ni kufuta. Diski zilizokuwa na uhai wa kumbukumbu zote hupigwa sifuri kwa kidole cha mwenyewe.

KUBADILI DISKI KWA UTARATIBU

Ikiwa sanduku bado li hai, hata kama diski moja imekufa, kazi ya kubadili yaweza kufanyika nyumbani kwa hatua zifuatazo.

1. Kwanza nakala. Kabla ya kugusa parafujo hata moja, mafaili yote muhimu yanakiliwe katika diski ya nje. Nafasi ikiwa haitoshi, zitangulie picha, sauti na vyeti. Filamu na muziki vyaweza kupatikana tena.

2. Diski ziandikwe namba. Kwa kalamu ya wino usiofutika, kila diski iandikwe nafasi yake: 1, 2, 3, 4. Namba ya kiwandani iliyo juu ya kila diski inakiliwe pia katika daftari, kwani sanduku huitumia kutaja diski iliyo mgonjwa. Wapo waliotoa diski nzima wakaiacha iliyokufa, kwa kuhesabu kutoka upande usio wake.

3. Diski mpya ichaguliwe kwa uangalifu. Ukubwa wake uwe sawa na wa ile ya zamani au zaidi. Ikipungua hata kidogo sanduku litaikataa. Kadhalika iulizwe namna inavyoandika. Zipo diski ambazo njia za maandishi yake zimelaliana kama vigae vya paa la nyumba ya Kigali: ili kubadili kigae kimoja, sharti vya juu yake viinuliwe. Diski hizo, zijulikanazo kwa herufi SMR, zafaa kuweka vitu visivyoguswa mara kwa mara, lakini huchelewa mno wakati sanduku linapojijenga upya. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya masanduku haya zilikuwa za namna hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Iliyo bora kwa kazi hii hutambulikana kwa herufi CMR.

4. Itolewe moja, itiwe moja. Diski mbili zisibadilishwe kwa pamoja hata kidogo. Baada ya kutia ya kwanza, sanduku liamriwe kujijenga upya, kisha liachwe.

5. Subira. Diski ya terabaiti 4, hata ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika, huchukua zaidi ya saa 7. Watoto wakiendelea kutazama video kutoka sanduku hilo hilo, kazi yaweza kufika siku nzima au zaidi. Muda huo sanduku lisizimwe, na ikiwezekana liwe limeunganishwa na UPS. Isichaguliwe siku ya mvua ya radi.

6. Uhakikisho. Sanduku likisema limemaliza, yafunguliwe mafaili machache ya miaka mbalimbali na kutazamwa kwa macho. Hapo ndipo diski ya pili itabadilishwa, kwa hatua zile zile.

Kujijenga upya ni kazi nzito kwa diski zilizosalia, kwani husomwa zote mwanzo hadi mwisho. Kama zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, umri wao ni mmoja, na yaweza kutokea ya pili ikaanguka njiani. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni nakala, wala si bisibisi.

IKIWA LIMEKWISHA KUZIMIKA

Yawezekana makala haya yamemfikia msomaji akiwa amekwisha kuchelewa: sanduku limekufa, au diski zimebadilishwa zote na halikubali kuamka. Hata hapo tumaini halijaisha, ila haraka haraka haina baraka.

Jambo la kwanza ni kuacha. Kila linaloandikwa katika diski baada ya msiba laweza kufunika kitu kilichokuwa kinaokolewa. Swali lolote la kuandaa, kuanzisha au kufuta lijibiwe hapana.

Jambo la pili ni kutafuta sababu ndogo kabla ya kubwa. Adapta ya umeme huharibika mara nyingi, na bei yake ni ndogo kuliko ya vyote vilivyomo. Adapta inayotumiwa kwa majaribio iwe na volti zile zile zilizoandikwa chini ya sanduku. Kebo ya mtandao ibadilishwe, na ruta izimwe na kuwashwa tena. Si ajabu sanduku lililotangazwa kuwa limekufa likafufuka kwa kebo mpya.

Jambo la tatu, ikiwa diski za zamani zipo, zirudishwe katika nafasi zake za awali, moja baada ya nyingine, sanduku likiwa limezimwa. Mara nyingi sanduku huzitambua na kuamka, na hapo kubadili diski huanza upya kwa utaratibu uliokwisha kuelezwa.

Jambo la nne lahusu sanduku lenyewe kufa huku diski zikiwa nzima. Njia rahisi ni kupata sanduku jingine la kampuni ile ile na la aina ile ile, au aina ambayo kampuni imethibitisha kwamba huzipokea diski hizo. Njia nyingine ni ya fundi: masanduku mengi ya nyumbani huendeshwa na programu ya Linux, na mpango wao wa diski waweza kusomwa kwa kompyuta yenye Linux, diski zote zikiunganishwa kwa pamoja. Fundi aamriwe kuzifungua kwa kusoma tu, bila kuandika.

Jambo la tano lahusu diski inayosomeka kwa taabu. Hiyo isilazimishwe kujijenga upya. Inakiliwe kwanza yote, tone kwa tone, katika diski nyingine nzima. Programu ya bure iitwayo ddrescue imetengenezwa kwa kazi hiyo: husoma kwanza pasipo na shida, kisha hurudi polepole katika sehemu zenye jeraha. Baadaye matengenezo yote hufanywa juu ya nakala, na mgonjwa huachwa apumzike.

Diski inayogonga kwa sauti, au iliyoanguka sakafuni, isiwashwe tena. Kuifungua mezani ni kuiua, kwani chembe moja ya vumbi ni jiwe kubwa kwa kichwa kinachoelea juu ya sahani. Kuitia katika friji ni ushauri wa mitaani, na maji yanayotanda ndani yake humaliza kilichosalia. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Gharama yake ni kubwa, na familia haina budi kupima thamani ya kilichomo.

Mwishowe, sanduku tupu lenye diski mpya huweza kuamshwa kwa kulitilia upya programu yake kutoka kwa kampuni iliyolitengeneza. Hapo mwili umefufuka, wala si kumbukumbu. Kumbukumbu zitatoka katika nakala. Kama nakala haipo, sanduku zima litakuwa jipya na tupu.

DISKI NYINGI SI NAKALA

Kosa la fikra linalowaponza wengi ni kudhani kwamba, kwa kuwa sanduku lina diski mbili au nne, basi lina nakala. RAID huzuia hasara ya diski moja kufa. Haizuii mtoto kufuta faili kwa bahati mbaya, kwani kufutwa huandikwa katika diski zote papo hapo. Haizuii mwizi, moto wala mafuriko. Mwezi Mei 2023 mvua kubwa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda iliua watu zaidi ya 130 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Nyumba ikiondoka na maji, diski nne ndani ya sanduku moja ni sawa na diski moja.

Wala haizuii wahalifu wa mtandao. Mwezi Juni 2021 watu wa nchi mbalimbali wenye aina moja ya diski za mtandao wa nyumbani, My Book Live, walikuta mafaili yao yamefutwa yote kwa amri iliyotoka mbali. Kwa hiyo sanduku la nyumbani lisiachwe wazi kwa intaneti pasipo haja, programu yake isasishwe, na nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza.

Hata wakubwa wa kazi hii wamekwisha kuonja. Mwaka 1998, wakati kampuni ya Pixar ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja ya makosa ilifuta sehemu kubwa ya kazi, na nakala za ofisini zilipofunguliwa zikakutwa na kasoro. Iliyookoa ilikuwa nakala aliyokuwa nayo nyumbani Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Filamu ilitoka mwaka 1999. Nakala ya mama mlezi ilifaa kuliko mitambo ya kampuni nzima kwa sababu moja tu: ilikuwa mahali pengine.

Kigali yenyewe inao mfano mkubwa zaidi. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilisikiliza mashauri zaidi ya milioni 1.9. Karatasi zake, ambazo ni makumi ya mamilioni ya kurasa, ziliwekwa katika makao makuu ya Polisi ya Taifa, Kacyiru. Karatasi hizo huogopa moto, maji na mchwa. Kwa hiyo ilianzishwa kazi ya miaka mingi ya kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili zitunzwe katika kompyuta pia. Nako Gisozi, Hifadhi ya Kumbukumbu za Mauaji ya Kimbari ilizinduliwa Desemba 2010, ikishirikiana na maktaba za Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, ambako zilipelekwa nakala za ushuhuda. Waliotunza mambo hayo hawakutegemea ukuta mmoja, jengo moja, wala nchi moja.

Kanuni yao yaweza kufuatwa na nyumba yenye kipato cha kawaida. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Ya kwanza imo katika sanduku. Ya pili iwe katika diski ya nje inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha ikafungiwa kabatini. Ya tatu ipelekwe kwa ndugu aliye Huye au Musanze, ikiwa imefungwa kwa nenosiri, na kubadilishwa kila familia inapotembeleana. Nyaraka za kazi ya jeshi au polisi hazina mahali katika mpango huu; hizo zina ofisi zake na taratibu zake.

DISKI ZA ZAMANI NA DAFTARI

Diski zilizotolewa zisitupwe upesi. Ziwekwe mwezi mzima au zaidi, hadi ithibitike kwamba hakuna kilichosahaulika. Baada ya hapo zifutwe kabisa. Iliyokufa isiyoweza kufutwa itobolewe kwa drili. Rwanda inayo Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inayolinda taarifa binafsi na faragha, lakini sheria haiwezi kuzirudisha nyumbani picha zilizokwisha kuenea sokoni. Kisha diski zipelekwe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme, ambazo huvunjwavunjwa kwa utaratibu katika kiwanda kilichopo Bugesera, badala ya kutupwa jalalani.

Limebaki jambo moja, nalo halihitaji fedha. Katika nyumba nyingi ni mtu mmoja tu anayelijua sanduku, naye huenda ndiye aliyepelekwa kazini mbali. Taa nyekundu ikiwaka akiwa Bangui, mkewe hajui nenosiri wala diski ipi ni ya kwanza. Basi liwepo daftari. Liandikwe jina na aina ya sanduku, idadi ya diski na nafasi zake, tarehe zilipotiwa, mpango wa RAID unaotumika, mahali zilipo nakala, na jina la fundi anayeaminika. Ikiwa diski zimefungwa kwa ufunguo wa siri, ufunguo huo uandikwe katika karatasi ya pekee na kufungiwa pamoja na hati za nyumba, maana bila huo hakuna fundi duniani atakayezisoma. Baba na mama wote wawili wajue daftari lilipo.

Ukaguzi nao upewe siku yake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wananchi wakisharudi kutoka umuganda, ni wakati mwafaka: diski ya nje ichomekwe, mapya yanakiliwe, na picha moja au mbili za zamani zifunguliwe ili kuhakikisha kwamba zafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu. Watoto waketi karibu, waambiwe huyu ni nani na yule ni nani, na majina yaandikwe chini ya picha; kwa kuwa picha isiyo na jina nayo imekwisha kupotea nusu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nyumba yenye sanduku la kumbukumbu, methali hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ufundi.